Injini ya Safari? Tulipofungua Datsun 240Z ya Mjomba

Najua nimekuwa kimya, na wengine wenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Ni vile tangu Januari kila Jumamosi nimekuwa nimeinama chini ya boneti ya gari linalonizidi umri karibu mara mbili, na kila Jumapili jioni nimekuwa nikisugua grisi kwenye kucha ili Jumatatu nisiaibike kazini. Leo basi hakuna msimbo wala programu mpya ya kujaribu. Leo ni historia, tena historia ya chuma, ingawa mkinivumilia mtaona kwamba kazi yenyewe haiko mbali na ile ninayolipwa kufanya.

Gari ni Datsun 240Z lililosajiliwa hapa Kenya mwaka wa 1972. Mjomba wangu alilinunua Nakuru kutoka kwa mtu aliyekuwa ameliweka kwenye banda pamoja na kuku. Mjomba ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtu asiyenunua hata kilo ya sukari kabla ya kulinganisha bei katika maduka matatu. Lakini muuzaji alimwambia sentensi moja iliyomfumba macho: kwamba injini iliyomo ilitolewa kwenye mojawapo ya magari ya timu ya Datsun yaliyokimbia Safari Rally ya 1973, ile aliyoshinda Shekhar Mehta. Pasaka ya mwaka huo Mjomba alikuwa na miaka kumi, amesimama na wenzake kando ya barabara ya vumbi, akaona gari jekundu lenye boneti nyeusi likipita kwa mlio ambao anauiga mpaka leo, hata kwenye harusi za watu. Basi sehemu kubwa ya pesa zake za kustaafu ikaenda Nakuru. Mkewe alipoliona gari likishushwa kutoka kwenye lori, likiwa na kinyesi cha kuku kwenye dashibodi, aliingia ndani akafunga mlango.

Injini ilikuwa imekwama, haizunguki hata kwa kusukumwa. Hapo ndipo nilipoitwa. Katika familia yetu shahada ya sayansi ya tarakilishi inaaminika kuhusu kila kitu chenye waya au parafujo, kuanzia redio ya nyanya hadi mita ya maji. Ombi la Mjomba lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza, tuijenge injini upya iungurume. Ya pili, kabla hatujaigusa, nimhakikishie kwamba kweli ni ya Safari.

Sehemu hizi mbili zinagombana kuliko mnavyodhani. Kuijenga injini upya ni kuchonga kuta za silinda, kusaga krankshafti, kusawazisha hedi, kuosha kila kitu kwa petroli mpaka king'ae. Kila moja ya kazi hizo hufuta alama. Ukishachonga silinda, mikwaruzo iliyokuwa ikisimulia jinsi injini ilivyoishi imegeuka vumbi la chuma sakafuni. Kama kweli ilikuwa injini ya timu, kuichonga kungekuwa kuharibu kitu ambacho kingestahili kukaa kwenye jumba la makumbusho. Kama sivyo, bila kuichonga haitawaka kamwe. Ni kama kupewa mfumo wa zamani wa ofisi usio na maelezo, usio na historia ya mabadiliko, walioandika wote wameondoka, halafu unaambiwa uandike upya na usipoteze chochote.

Kwa wale ambao hawajui 240Z ni nini, wacha turudi nyuma kidogo.

Katika miaka ya 1960 Nissan ilitengeneza familia ya injini iliyoitwa L. Muundo wake haukuwa na mbwembwe: bloki ya chuma cha kusubu, hedi ya aluminiamu, na kamshafti moja juu ya hedi inayozungushwa na cheni. Ya silinda nne, L16, ilifungwa kwenye Datsun 1600. Kila silinda yake ina kipenyo cha milimita 83, na pistoni husafiri milimita 73.7, jumla sentimita za ujazo 1,595. L24 ya silinda sita ina kipenyo kilekile na mwendo uleule. Zidisha 1,595 kwa moja na nusu mtapata takriban 2,393, na huo ndio ukubwa wa L24. Mimi nilipoligundua hili nilicheka peke yangu. Walikuwa na kijenzi kimoja kilichofanya kazi vizuri, wakakirudia mara sita badala ya mara nne. Kuna watu tunaofanya nao kazi ambao mpaka leo hawajafika hapo.

Gari lililobeba L24 lilitokea mwishoni mwa 1969. Nyumbani Japani liliitwa Fairlady Z. Yutaka Katayama, aliyeongoza Nissan huko Marekani, hakuona ni nani angelinunua gari la michezo lenye jina kama hilo, kwa hiyo Marekani likauzwa kama 240Z, namba hiyo ikimaanisha lita 2.4. Bei ya mwanzo huko ilikuwa dola 3,526, na foleni za wanunuzi zikawa ndefu. Kwetu lilikuja likiwa na usukani wa kulia, na chesi zake huanza na herufi HS30. Wakala wa Datsun hapa Kenya walikuwa DT Dobie.

Lakini Mwafrika Mashariki hakulipenda gari hili kwa sababu ya bei ya Marekani. Alilipenda kwa sababu ya Safari. Mashindano hayo yalianza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara za kawaida ambazo ng'ombe na matatu hawakuambiwa wapishe. Mwaka wa 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Mwaka wa 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyeishi Kenya, na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata, 1971, wawili hao walirudi na 240Z wakashinda tena, na Mehta akawa wa pili kwa 240Z nyingine. Mwaka wa 1972 Hannu Mikkola wa Finland aliwapokonya ushindi kwa Ford Escort, akawa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari.

Halafu ikaja 1973, mwaka wa Mjomba. Safari ilikuwa imeingizwa kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia yaliyoanza mwaka huohuo. Mehta, mzaliwa wa Uganda, alikuwa na Lofty Drews kwenye 240Z. Msweden Harry Källström alikuwa kwenye Datsun nyingine, 1800 SSS. Baada ya siku zote hizo za matope na vumbi, wawili hao walimaliza wakiwa na alama za adhabu sawa kabisa. Ushindi ukaenda kwa Mehta kwa kuangalia ni nani aliyekwenda mbali zaidi bila adhabu. Alikuja kushinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na akafariki London mwaka wa 2006. Magari ya namna hiyo hayakutupwa ovyo: lile 240Z lililoshinda 1971 limehifadhiwa kwenye mkusanyo wa Nissan wenyewe huko Zama, Japani.

Mnaona basi kwa nini sentensi ya muuzaji ilikuwa na nguvu. Mnaona pia kwa nini mimi nilikuwa na shaka. Kama kila Datsun kuukuu ambalo mwenyewe anasema "hii ilikimbia Safari" lilikimbia kweli, basi mstari wa kuanzia ungetoka Nairobi ukafika Athi River. Na kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, magari haya ya zamani yaliyobaki ni yaleyale yanayozunguka kutoka mkono hadi mkono, na kila mkono unaongeza hadithi yake.

Nilianza na karatasi, kama kila mtu anavyoanza. Logibuku ilisema injini ni L24, na ikatoa namba. Kwenye injini za L namba hupigwa upande wa kulia wa bloki, karibu na silinda ya sita, chini kidogo ya hedi. Nikasugua kwa brashi ya waya, nikamulika kwa simu. Namba ilikuwepo, na ililingana na logibuku tarakimu kwa tarakimu. Mjomba akapiga makofi.

Mimi sikupiga. Tarakimu hazikukaa kwenye mstari mmoja. Nne ilikuwa imeinama kama mtu anayesubiri basi, na uso wa chuma pale ulikuwa na michirizi ya grainda. Nilipiga picha, nikaenda nayo Grogan. (Najua ni Barabara ya Kirinyaga, lakini ni nani anayeiita hivyo akitafuta spea?) Huko kuna mzee mmoja anayechonga injini tangu kabla sijazaliwa. Aliitazama picha kwa sekunde tatu hivi.

"Kijana, hiyo namba imepigwa na nyundo ya mtu wa hapa. Usisome iliyopigwa. Soma ile bloki ilizaliwa nayo."

"Iko wapi, mzee?"

"Upande wa kushoto. Sugua uone."

Bloki inaposubiwa, herufi huwa tayari kwenye kalibu, na chuma hutoka kimeinuka herufi hizo. Huwezi kuzibadilisha bila kuacha kovu. Jumamosi iliyofuata nililala chini ya gari na dizeli na mswaki. Baada ya nusu saa ya kusugua oili iliyokauka kama lami, zikatokea: N42.

Bloki za L24 za 240Z huwa na alama tofauti. N42 ni bloki ya L28, ndugu mkubwa wa familia, mwenye sentimita za ujazo 2,753. L28 ilianza kwenye 280Z ya modeli ya 1975. Mehta alivuka mstari wa mwisho Aprili 1973.

Ningeweza kumpigia Mjomba simu jioni ileile. Sikupiga. Herufi tatu ni ushahidi mmoja tu, na nilitaka wa pili usiotegemea mtandao wala maneno ya mzee wa Grogan. Tena, nikisema kweli, niliogopa.

Wiki mbili tulikuwa tumemimina mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya gia otomatiki kwenye mashimo ya plagi, na hatimaye injini ikakubali kuzunguka. Tukafungua hedi. Nilimpa Mjomba kalipa, sikumwambia chochote kuhusu N42. Nikamwomba apime mwendo wa pistoni: kina chake ikiwa chini kabisa, utoe kina chake ikiwa juu kabisa. Alipima mara tatu, kama alivyokuwa akiwafundisha watoto, akachukua wastani. Milimita 79. Kisha kipenyo cha silinda. Milimita 87.

Akatoa kalamu ya risasi mfukoni, akakokotoa nyuma ya risiti ya hadiwea. Nusu kipenyo, kipeo cha pili, mara pai, mara 7.9, mara sita. Alipata 2,818 hivi. Akarudia. Akapata ileile. Akaniangalia.

"L24 mwendo wake ni ngapi?"

"73.7, Mjomba."

Krankshafti ndiyo inayoamua mwendo wa pistoni, na kuchonga silinda hakubadilishi chochote hapo. Na kutoka 83 hadi 87 hakuna fundi anayeweza kuchonga ukuta mwembamba wa L24 kiasi hicho ubaki salama. Lakini L28 huzaliwa na kipenyo cha 86 na mwendo wa 79 kamili. Iliyo mbele yetu ilikuwa L28 iliyokwisha kuchongwa milimita moja zaidi. Nikamwonyesha N42. Nikamwambia mwaka.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kalipa mkononi. "Kwa hivyo nilinunua hadithi," akasema. Nikaenda kuleta chai, maana sikuwa na la kusema. Niliporudi alikuwa bado ameshika ile risiti, lakini alikuwa amegeuka upande wa injini.

"Basi kama si ya Mehta, ni ya nani?"

Sikulitarajia swali hilo, na ndilo lililotula Jumamosi tano zilizofuata. Sasa hatukuwa tukitafuta ukweli wa muuzaji. Tulikuwa tukifanya kile ninachofanya nikifungua msimbo wa mtu asiyejulikana: kila kitu unachokiona kinakupa mpaka, "si kabla ya" au "si baada ya", halafu unaibana mipaka hiyo pamoja. Mpaka wa kwanza tulikuwa nao, si kabla ya 1975.

Tukageukia hedi. Hedi ilikuwa na alama E88, na hiyo ndiyo hedi ya 240Z za miaka hiyo. Valvu zake za kuingiza hewa zina kipenyo cha milimita 42, wakati hedi ya N42 iliyozaliwa pamoja na bloki kama hii ina za 44. Tena viti vya valvu hizo vilikuwa bado vya rangi ya shaba nyeupe, aina laini ya mwanzo. Kwa hiyo injini ilikuwa na nusu mbili zenye wazazi tofauti. Chini ni L28 kutoka kwingine. Juu, kwa kila dalili, ni hedi iliyokuja na gari hili hili. Mjomba alilipenda jambo hili kuliko nilivyodhani, akawa anaiita hedi "mwenye nyumba" na bloki "mpangaji".

Mpangaji huyo alitoka wapi? 280Z yenyewe ilitengenezwa kwa soko la Amerika Kaskazini, usukani kushoto. Lakini L28 ilifungwa pia kwenye 280ZX iliyofuata, kwenye Datsun 280C, na kwenye Nissan Patrol za miaka ya 1980. Mzee wa Grogan anaapa ni Patrol. Ushahidi wake ni kwamba yeye mwenyewe aliwahi kununua Patrol nyingi zilizokufa, kwa hiyo mimi hapo naweka alama ya kuuliza.

Ndani ya bloki ndimo maisha yalimokuwa. Silinda tano zilikuwa zimechongwa hadi 87. Ya sita ilikuwa na silivu, yaani bomba la chuma linalopachikwa ndani ya silinda iliyoharibika kupita kiasi. Jarida la rodi ya sita kwenye krankshafti lilikuwa limesagwa zaidi ya mengine. Mgongoni mwa beringi zake kulikuwa kumepigwa 0.75, nyingine zote zilisema 0.25. Ukisoma hivi vitu viwili pamoja unaona siku moja mbaya: beringi ya sita ikakwama, rodi ikapigapiga, pistoni ikararua ukuta. Pampu ya maji ya L iko mbele, kwa hiyo silinda za nyuma hupata maji ambayo yamekwisha kupashwa moto na wenzao. Mtu aliyepanda mlima na radieta yenye uchafu hulipia huko nyuma.

Fundi aliyeirekebisha hakuwa na pesa za kubadilisha krankshafti. Alisaga jarida moja tu. Kitabuni hairuhusiwi, na nilipoona mara ya kwanza nilimcheka. Halafu nikapima. Jarida lilikuwa duara kwa usahihi ambao hata sasa tungeulipia vizuri. Silivu ilikuwa imeketi sawasawa na uso wa bloki, huwezi kuhisi mpaka wake kwa ukucha. Sikucheka tena. Alikuwa na mashine mbovu, spea haba na mteja anayesubiri, na kazi yake iliendelea kuzunguka kwa miaka mingi baadaye.

Miaka mingapi? Hapo tulisaidiwa na gasketi. Pampu ya petroli ya injini hii hufungwa ubavuni mwa hedi, na gasketi yake haikuwa ya dukani. Ilikuwa imekatwa kwa mkono kutoka karatasi ngumu, imelowa oili mpaka ikawa kahawia. Mjomba aliinua kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa nyuma palikuwa na tarakimu zimepangwa kwa safu, na pembeni sehemu ya maandishi: "...EI 1994". Ilikuwa kalenda ya ukutani. Mtu alimaliza Mei ya 1994, au mwaka wote, akaichukua kalenda akaigeuza kuwa gasketi. Kwa hiyo pampu ilifungwa si kabla ya 1994.

Mpaka wa mwisho ulikuwa kwenye matundu ya moshi. Petroli ya zamani ilitiwa risasi ili injini isigonge, na ilipoungua iliacha utando wa kijivu. Kufikia Januari 2006 Kenya ilikuwa imeachana nayo. Injini iliyotumia petroli isiyo na risasi kwa miaka mingi huwa na masizi meusi au kahawia. Yetu ilikuwa ya kijivu kila mahali, mpaka kwenye ncha za plagi, bila tabaka jingine juu yake. Kwa hiyo ilizimwa mara ya mwisho si muda mrefu baada ya hapo. Na kwenye kioo cha mbele, chini ya vumbi la kuku, stika ya bima ilikuwa imeisha 2003. Vitu viwili visivyojuana vilisema jambo moja.

Basi historia yetu, kwa kadiri chuma kilivyokubali kusema, ni hii. Gari lilikuja na L24 yake. L24 hiyo ikafa. Mtu akapata bloki ya L28, akahamishia hedi ya zamani, na badala ya kwenda kwenye ofisi kueleza mabadiliko, akaisaga namba ya mpangaji na kupiga ya marehemu. Baadaye silinda ya sita ikaharibika ikatengenezwa. Mtu mwingine, au huyohuyo, akakata kalenda. Likaendeshwa mpaka karibu 2003, kisha kuku wakahamia. Hakuna Mehta humo. Kuna watu wawili au watatu waliokataa gari life.

Ikabaki kuamua. Kwa 87 bloki ilikuwa imefika mwisho wa kuchongwa, na kutu ya banda ilikuwa imekula kuta. Njia ya kwanza ilikuwa kutafuta bloki nyingine. Ya pili, kuweka silivu sita mpya na kurudisha kipenyo hadi 86 ya kiwandani. Mjomba alichora jedwali la gharama, safu kwa safu, na tofauti haikuwa kubwa. Tukaweka silivu. Krankshafti ikasagwa majarida yote kufikia 0.75, ili yule wa sita asiwe peke yake tena. Viti vya valvu tukabadilisha vya chuma kigumu, kwa sababu vile laini havidumu bila risasi kwenye petroli. Hapo nilisita, maana vilikuwa vya tangu mwanzo, lakini Mjomba alisema hanunui gari la kutazama. Viti vya zamani na gasketi ya kalenda viko nyumbani kwake, ndani ya bahasha, kati ya kurasa za kitabu chake cha majedwali ya hesabu.

Kuwaka kwenyewe hakukuwa na maajabu. Mara ya kwanza kabureta ya nyuma ilifurika petroli ikamwagika kwenye manifoldi, tukakimbia wote wawili kutafuta mchanga. Mara ya pili nilikuwa nimekosea meno mawili ya cheni. Mara ya tatu ikawaka, ikatikisika, ikatulia. Mkewe Mjomba alitoka nje akasimama mlangoni, akasema tu kwamba moshi unaingia jikoni.

Siku tuliyokwenda kuichukua bloki kutoka kwa mchongaji, kijana mmoja pale aliona ule uso wenye michirizi, akatuambia kwa wema kabisa kwamba anazo seti za namba mpya, na kwa bei ya soda mbili angeusawazisha na kupiga L24 upya, safari hii kwenye mstari ulionyooka. Nilikiri moyoni kwamba ingekuwa rahisi. Logibuku ingelingana, hakuna ambaye angeuliza. Kwa upande wa pili, kubadilisha injini kunapaswa kuandikishwa NTSA, na injini isiyo na namba yake ya kuzaliwa huzaa maswali, ukaguzi na safari za kurudi kesho.

Mjomba alimshukuru, akamwambia auache uso ulivyo.

Jumanne iliyopita alikuja kwangu na miwani yake na faili la stakabadhi: picha ya N42, risiti za silivu, barua ya mchongaji. Mimi nilikaa kwenye tarakilishi, yeye akawa anasoma, polepole, kama imla. Tulipofika kwenye ukubwa wa injini, palipokuwa na 2393, alininyamazisha kwa kidole, akatoa ile kalamu ya risasi, akakokotoa tena kwa 86 na 79 mpaka akaridhika. "Andika 2753," akasema.